Mahali pa Kupiga Kambi Karibu na Goma

Mwalimu mmoja wa Bukavu alikwenda Goma pamoja na wanafunzi wake wa darasa la sita. Likizo kubwa ilikuwa imeanza, na wakati huo njia zilikuwa na amani. Watoto walikuwa 20. Walivuka Ziwa Kivu kwa mashua, wakashuka Goma asubuhi, wakafuata njia ya Sake upande wa magharibi. Walichukua mahema, sufuria na blanketi. Mwalimu alitaka kuwaonyesha milima ya moto kwa macho yao wenyewe.

Saa kumi ya alasiri walifika mahali pazuri sana. Palikuwa na bonde dogo kama sahani, lenye majani mabichi. Mawe meusi yalilizunguka pande zote, hata upepo wa ziwa haukuingia. Watoto walishangilia.

— Mwalimu, tulale hapa! Hapa hakuna baridi.

Mwalimu naye alipendezwa na mahali pale. Akatua mzigo wake. Mara akapita mzee mmoja, anasukuma chukudu yake yenye magunia ya makala. Akasimama, akawatazama.

— Jambo, Mwalimu. Mnafanya nini hapo chini?

— Jambo, Mzee. Tunataka kusimamisha mahema yetu.

— Hapo watu hawalali, Mwalimu. Hapo pana mazuku. Mbuzi wangu wawili walilala hapo wakiwa wazima. Asubuhi niliwakuta wamekufa, hawana jeraha wala ugonjwa.

— Mazuku ni nini, Mzee? Ni nyoka?

— Si nyoka. Hayaonekani, hayanuki, hayana sauti. Pandeni kwanza, watoto wangu. Tutaongea tukiwa juu.

Watoto wakachukua mizigo yao, wakapanda. Mahali palipoonekana pazuri kuliko pote ndipo palipokuwa na hatari kuliko pote. Basi, kuchagua mahali pa kambi si kazi ya macho tu. Yafaa kujua nchi ilivyo, na kuuliza wenyeji.

1. Mji chini ya milima ya moto

Mji wa Goma uko kaskazini ya Ziwa Kivu, katika nchi ya Kongo, mpakani pa Rwanda. Siku hizi unakaliwa na watu zaidi ya milioni moja. Maji ya ziwa yako mita 1,460 juu ya bahari. Nyuma ya mji imesimama milima ya Virunga. Volkano kubwa za Virunga ni nane. Iliyo ndefu kuliko zote ni Karisimbi, yenye mita 4,507. Mikeno ina mita 4,437. Lakini volkano mbili tu ndizo zinazotoa moto mara kwa mara, nazo ni Nyiragongo na Nyamulagira.

Nyiragongo ina mita 3,470. Kutoka katikati ya mji wa Goma mpaka kilele chake si kilomita 20. Juu yake kuna shimo kubwa, upana wake zaidi ya kilomita moja. Mara nyingi ndani ya shimo hilo lava huchemka kama uji katika chungu. Usiku mawingu juu ya mlima huonekana mekundu, na watu wa Goma huyaona wakiwa mlangoni pa nyumba zao.

Lava ni mawe yaliyoyeyuka kwa moto. Ikipoa, hugeuka kuwa jiwe jeusi, gumu na kali. Sehemu kubwa ya Goma imejengwa juu ya lava ya namna hiyo, na watu hutumia mawe yake kwa kujenga kuta. Zamani sana lava ikivunjikavunjika hugeuka kuwa udongo wenye rutuba, tena migomba na maharage hustawi hapo. Kwa hiyo watu hawauachi mlima. Mlima unawalisha, lakini pia unawatisha.

Mtu anayetafuta mahali pa kambi katika nchi hiyo hana budi kujiuliza maswali matano: Hewa ikoje? Njia ya kukimbilia iko wapi? Maji yako wapi, na choo kitakuwa wapi? Ardhi na upepo vikoje? Ni nani anayepajua mahali hapa?

2. Hewa: mazuku

Chini ya volkano hutoka hewa za namna nyingi. Mojawapo yaitwa gazi karboniki. Kila mtu anaijua bila kujua jina lake. Ndiyo inayotoka kinywani mtu akipumua. Ndiyo inayofanya povu katika kasiksi inapochacha, na viputo katika limonadi. Ikiwa kidogo, haidhuru. Katika hewa ya kawaida haifiki hata sehemu 1 katika 1,000.

Lakini karibu na Goma, hasa kandokando ya ziwa kuelekea Sake, gazi hiyo hupanda kutoka ardhini kwa kupitia nyufa za mawe. Nayo ni nzito kuliko hewa. Kama maji, hutafuta mahali pa chini, ikajaa katika mabonde madogo na mashimo. Katika mashimo mengine wataalamu wamepima, wakakuta gazi hiyo imefika sehemu 90 katika 100. Mashimo hayo ndiyo wenyeji wanayoyaita mazuku. Neno hilo la Kiswahili cha Goma limekwenda mbali, hata wataalamu wa Ulaya wanaliandika katika vitabu vyao.

Mtu akiingia katika gazi nyingi hivyo hana wakati wa kupiga kelele. Akipumua mara chache tu, huzimia akaanguka. Akisha kuanguka, kichwa chake kiko chini zaidi, penye gazi nyingi zaidi. Basi hufa.

Hapo kuna mambo manne ya kukumbuka.

La kwanza: gazi hukaa chini. Mtu mzima aweza kusimama bila kusikia kitu, huku mtoto aliye kando yake anavuta sumu. Anayelala chini yumo hatarini kuliko wote wawili.

La pili: usiku ni mbaya kuliko mchana. Mchana jua hupasha ardhi joto, na upepo huchanganya hewa na kuitawanya gazi. Usiku hewa hutulia. Gazi hupanda polepole shimoni mpaka asubuhi, kama maji katika bidoni. Kwa hiyo mtu aweza kucheza mahali fulani saa nane ya mchana, na kufa papo hapo saa kumi ya usiku.

La tatu: taa si mpimaji wa kutegemewa. Wengine husema: «Nitashuka na mshumaa, ukizimika, nitarudi.» Ni kweli kwamba moto huzimika katika gazi karboniki. Lakini gazi ikiwa sehemu 10 katika 100, mtu aweza kuzimia hali mshumaa bado unawaka. Hapo mshumaa umemdanganya.

La nne, nalo ni gumu kuliko yote: mtu akianguka shimoni, mwenzake asishuke kumfuata. Moyo unasema: «Shuka umwokoe ndugu yako.» Lakini anayeshuka huanguka naye, na wa tatu huanguka juu ya wa pili. Anayependa kumsaidia hubaki juu, hupiga kelele, huita watu wazima wenye kamba, akajaribu kumvuta kutoka juu.

Wadudu waliokufa, mijusi, ndege au panya waliolala bila jeraha ni dalili kubwa. Mahali pengine wamesimamisha vibao vya kuonya watu. Lakini si kila shimo lina kibao. Kwa hiyo sheria ni moja: karibu na Goma kambi haipigwi bondeni wala shimoni, hata pakiwa na majani mazuri namna gani. Kambi hupigwa juu, mahali panapopita upepo.

3. Njia ya kukimbilia

Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa Nyiragongo ulipasuka. Lava yote iliyokuwa katika shimo la juu ilimwagika kwa muda mfupi sana. Lava ya mlima huu ni nyepesi kuliko lava ya volkano nyingi, kwa hiyo karibu na mlima ilikimbia kama gari. Watu wa vijiji walikufa kabla ya kupata nafasi ya kukimbia.

Tarehe 17 Januari 2002 ardhi ilipasuka tena upande wa kusini, nyufa zikashuka mpaka karibu na mji. Lava iliingia Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mji, ikaingia ziwani. Zaidi ya sehemu moja katika kumi ya mji iliungua. Watu zaidi ya 100 walikufa, na maelfu kwa maelfu walibaki bila nyumba. Mji uligawanyika pande mbili: waliokuwa mashariki walikimbilia Gisenyi, katika Rwanda, waliokuwa magharibi walikimbilia njia ya Sake. Katikati hapakupitika.

Tarehe 22 Mei 2021, jioni, Nyiragongo ilitapika mara ya tatu. Kabla ya siku hiyo mlima haukuwa umetoa dalili nyingi. Lava ilikata barabara ya Rutshuru, ikateketeza nyumba nyingi, ikasimama kabla ya kufika uwanja wa ndege. Watu wapata 30 walikufa. Halafu ardhi ilitetemeka siku nyingi, nyufa zikaonekana barabarani. Tarehe 27 Mei serikali iliamuru watu wa sehemu kubwa ya mji watoke, na mamia ya maelfu wakaondoka kwa miguu, kwa magari na kwa mashua.

Mambo hayo yanafundisha nini? Yanafundisha kwamba kambi nzuri ina njia mbili, si moja. Lava ikikata njia ya kwanza, watu watoke kwa njia ya pili. Lava hufuata mabonde, kama mto. Anayelala katika bonde linaloshuka toka mlimani amelala katika kitanda cha lava. Anayelala kilimani hupata nafasi ya kuona na kuondoka.

Ni vizuri vilevile kusoma rangi ya mawe. Lava nyeusi kabisa, isiyo na majani, ni ya juzi. Yenye kuvu na majani machache ni ya zamani kidogo. Yenye udongo na miti minene ni ya zamani zaidi. Hivyo mawe yenyewe huonyesha mlima ulipita wapi.

Katika Goma kuna kituo cha kuchunguza volkano, kinachoitwa OVG, kilichoanzishwa mwaka 1986. Kituo hicho huwapa watu habari za mlima kwa rangi nne: kijani, manjano, rangi ya machungwa na nyekundu. Kijani maana yake mlima umetulia. Nyekundu maana yake hatari imefika. Mtu akitaka kupiga kambi, kwanza aulize: Leo ni rangi gani?

4. Maji na choo

Katika nchi ya lava kuna jambo la ajabu. Mvua hunyesha sana, lakini mito haionekani. Maji yote huzama katika nyufa za mawe, yakaenda chini kwa chini mpaka ziwani. Kwa hiyo wenyeji wengi huchota maji ziwani, na watoto wa Goma wanajua vizuri uzito wa bidoni.

Mtu mmoja kambini, kwa kunywa, kupika na kunawa, hutumia yapata litri 15 kila siku. Mwalimu na watoto wake walikuwa 21. Basi: mara 15 ni litri 315. Bidoni moja huchukua litri 20. Kwa hiyo walihitaji bidoni 16 kila siku. Asiyefanya hesabu hiyo kabla ya kusimamisha hema ataifanya usiku, akiwa na kiu.

Tena maji yakipatikana, bado si maji ya kunywa. Lazima yachemshwe, au yatiwe dawa ya klori. Maji huonekana safi, kumbe yana kolera ndani.

Mwaka 1994 Goma ilipata somo chungu juu ya neno hilo. Katika mwezi wa Julai watu zaidi ya 500,000 walivuka mpaka kutoka Rwanda kwa siku chache, wakikimbia vita. Walilala barabarani, shuleni, na juu ya lava. Halafu yalifanyika makambi makubwa: Kibumba, Katale, Mugunga. Kule Kibumba hapakuwa na maji. Yaliletwa kwa malori. Wengi walikunywa maji ya ziwa bila kuyachemsha. Kuchimba choo hakukuwezekana, kwa maana majembe yaligonga jiwe. Uchafu ulibaki juu ya ardhi, au ulizama katika nyufa pamoja na maji ya mvua. Kolera na ugonjwa wa kuhara damu vikaingia. Katika mwezi wa kwanza watu karibu 50,000 walikufa. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na maji machafu.

Watu wale hawakuwa na nafasi ya kuchagua. Lakini mwenye nafasi ya kuchagua anapaswa kukumbuka. Choo kiwe chini ya kambi, si juu yake. Kiwe mbali na maji, mita 30 au zaidi. Karibu na lava yenye nyufa, kiwe mbali zaidi. Ikiwa ardhi ni jiwe tupu na haichimbiki, ni afadhali kutafuta mahali penye udongo, au karibu na shule yenye vyoo vilivyojengwa. Na kila mtu anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka chooni.

5. Ardhi, upepo na baridi

Hema husimama kwa mambo ya kigingi. Lakini kigingi hakiingii katika lava. Anayetaka kulala juu ya lava lazima afunge kamba zake kwa mawe mazito. Tena mawe hayo ni makali kama chupa iliyovunjika. Huchana hema, blanketi na miguu. Uwanja wa udongo wenye majani mafupi ni bora.

Uwanja huo uwe na mteremko kidogo. Usipokuwa na mteremko, maji ya mvua yatasimama hemani. Mteremko ukiwa mkali, walalao wataviringika usiku. Hata katika kiangazi mvua ya Kivu huweza kuja ghafula, pamoja na radi. Milima ya mashariki ya Kongo ni mahali ambapo radi hupiga sana, kupita karibu nchi zote za dunia. Kwa hiyo hema halisimamishwi chini ya mti mrefu uliosimama peke yake, wala juu kabisa ya kilele kitupu. Mgongo wa kilima, chini kidogo ya kilele, wafaa.

Upepo nao una desturi yake. Mchana nchi hupata joto upesi kuliko ziwa. Hewa ya nchi hupanda, na hewa ya ziwa huja kushika mahali pake. Basi upepo hutoka ziwani. Usiku mambo hugeuka: milima hupoa, na hewa baridi hushuka kuelekea ziwani. Kwa hiyo mlango wa hema usielekee mlimani.

Anayepanda milima akumbuke pia hesabu ya baridi. Kila mita 1,000 anazopanda mtu, joto hupungua yapata digri 6. Kutoka Goma mpaka kilele cha Nyiragongo ni mita 2,000 hivi. Kwa hiyo juu kuna baridi kupita mjini kwa digri 12. Usiku mmoja Goma ina digri 15. Kileleni zitabaki 3 tu. Aliyekuja na shati moja atajuta.

Baridi hiyo huleta hatari nyingine. Mtoto akisikia baridi hutaka kuingiza jiko la makala, yaani babula, ndani ya hema, na kufunga mlango vizuri. Asifanye hivyo kamwe. Makala yanayowaka hutoa gazi ya sumu, isiyo na harufu. Hiyo si gazi ya mazuku, ni nyingine, lakini inaua vilevile katika usingizi. Babula hukaa nje. Ndani huingia blanketi.

6. Kuuliza wenyeji

Ramani yaonyesha mlima na ziwa. Haionyeshi shimo lililoua mbuzi mwaka huu. Habari hiyo iko kwa wachungaji, kwa wakulima na kwa wanawake wanaochota maji. Kwa hiyo mgeni huanza kwa kusalimu, kisha huomba ruhusa kwa mwenye shamba na kwa mkubwa wa kijiji. Anayelala bila ruhusa hukosa kuni, hukosa shauri, tena huonekana kama mwizi.

Milima yenyewe imo katika Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Humo sokwe wakubwa wa milimani wanaishi. Hakuna ruhusa ya kulala humo bila walinzi wa hifadhi. Mara nyingi, kwa ajili ya vita, hifadhi hufungwa kwa wageni. Basi swali la amani hutangulia maswali yote: Njia zimefunguliwa? Watu wanalala majumbani mwao? Kama jibu ni hapana, safari inangoja. Na hata kukiwa na amani, mtoto asiokote chuma asichokijua porini, kwa kuwa vita huacha vitu vinavyolipuka.

7. Mahali patatu

Mwalimu wa Bukavu alipokwisha kumsikiliza mzee, aliwakusanya watoto juu ya njia.

— Watoto, jua halijatua. Tuna mahali patatu. Tuvipime.

Mahali pa kwanza palikuwa lile bonde la majani. Hapakuwa na upepo, tena palikuwa laini. Lakini palikuwa na mazuku. Hapo hapakuwa na maneno tena.

Mahali pa pili palikuwa ukingo wa ziwa, chini ya mti mmoja mkubwa. Maji yalikuwa hatua kumi tu, na watoto wengi walipapenda. Mvulana mmoja akasema: «Hapa hatutabeba bidoni.» Lakini msichana mmoja akatazama juu, akaonyesha nyumba zilizokuwa mtelemkoni, na vyoo vyao. Mvua ikinyesha, uchafu wote utapita hapo. Tena mti ule ulisimama peke yake, ardhi ilikuwa lava tupu, na njia ilikuwa moja tu.

Mahali pa tatu palikuwa mgongo wa kilima, nyuma ya shule ya kijiji. Palikuwa na udongo, mteremko mdogo, na njia mbili: moja ya Goma, moja ya Sake. Shule ilikuwa na vyoo. Lakini upepo ulipuliza hapo, na maji yalikuwa mbali, mwendo wa nusu saa.

— Mnaonaje? Mwalimu akauliza.

Watoto walinyamaza. Walikuwa wamechoka. Mwishoni yule mvulana aliyependa ziwa akasema:

— Mwalimu, maji tunaweza kuyabeba. Hewa hatuwezi kuibeba.

Mzee akacheka, akampiga begani.

— Umesema vema, mwanangu. Hata bidoni hamtabeba zote. Chukudu yangu iko hapa.

Mwalimu akaenda kumsalimu mkubwa wa shule na kuomba ruhusa. Wavulana na wasichana wakasaidiana: wengine wakasukuma chukudu mpaka ziwani, wengine wakasimamisha mahema, wengine wakachemsha maji. Usiku ule upepo ulitikisa mahema, na watoto kadhaa walisema kwamba bondeni wangalilala vizuri zaidi.

Asubuhi, saa kumi na mbili, mzee alirudi. Aliwapeleka watoto mpaka kwenye mawe, mahali pa juu, akawaonyesha lile bonde. Hewa ilikuwa imetulia. Majani yalikuwa mabichi kama jana. Katikati alilala njiwa mmoja, mabawa yake yamekunjuka, hana jeraha. Jana hakuwapo.

Mtoto mmoja alitaka kushuka amwokote. Mzee akamshika mkono, akamshika sana, wala hakumwachilia mpaka walipokwisha kurudi njiani.

Hakuna aliyelalamika tena juu ya upepo.

Maswali

1. Kwa nini gazi ya mazuku hukaa katika mabonde na mashimo?
2. Kwa nini usiku una hatari kuliko mchana?
3. Mwenzako akianguka katika shimo la mazuku, utafanya nini? Hutafanya nini?
4. Kwa nini kambi yafaa iwe na njia mbili?
5. Watu 30 watatumia bidoni ngapi za maji kwa siku, kama kila mtu anatumia litri 15?
6. Goma ina digri 18. Mlima fulani umeupita mji kwa mita 1,000. Juu yake kuna digri ngapi?
7. Tazama nchi ya kwenu. Chagua mahali pa kambi, kisha eleza kwa nini umepachagua.